Siku Niliyomzika Mzee Shabani Akiwa Hai

Vijana wangu mnaopeleka wageni,

Jumamosi iliyopita nilikuwa nyuma ya kundi lenu pale pangoni Nkunga. Hamkuniona, au mliniona mkadhani ni mzee aliyetoka kukata majani ya ng'ombe, maana nilikuwa na koti la mvua na buti za mpira kama kila mtu wa huku. Mmoja wenu, sitamtaja, alipanda juu ya lile jiwe lililopasuka, akanyoosha kidole kwenye ile alama nyekundu ukutani, ile inayofanana na mkuki wa ncha tatu. Akawaambia wageni kwamba ilichorwa na Mjerumani alipokuwa anakimbia vita, na kwamba kila ncha inaelekeza lilikofukiwa sanduku la rupia. Wageni wakaguna kwa raha. Mmoja akauliza kama watu wameshachimba. Kijana wetu akacheka, akasema, "Wanachimba mpaka leo, bosi."

Alisimulia vizuri kuliko mimi. Nasema kuliko mimi kwa sababu hadithi hiyo ni yangu. Niliitunga mimi Ambakisye, kwa mdomo wangu huu ambao sasa umebaki na meno ya kuhesabu. Niliposikia inatoka kinywani mwa mtu ambaye sikuwahi kumfundisha, masikio yaliniwaka kwa aibu. Niligeuka nikaondoka bila kuwasalimu. Kazi nimeiacha, magoti yamekataa, lakini hili siwezi kuondoka nalo duniani bila kuwaeleza.

Kazi hii nilifundishwa na Mzee Shabani. Wengi wenu mlimjua uzeeni, yule mwenye kibanda cha kanga na chumvi upande wa juu wa soko, aliyekuwa akimpungia mkono kila mtu. Yeye hakujiita mwongoza wageni. Alikuwa mtu anayeujua mji huu wa Tukuyu, basi. Wageni walipofika wakiuliza boma la Mjerumani, au zile nyumba za zamani zenye baraza, watu walikuwa wanasema nendeni kwa Shabani. Mimi nilikuwa kijana nisiye na kazi, nikajipachika pembeni yake, akaniacha.

Alinifundisha mambo ambayo hayamo kwenye simu zenu. Kwenye kuteremka mwongoza wageni anatangulia, ili anayeteleza amwangukie yeye. Kwenye kupanda anakaa nyuma, kwa sababu hiyo hiyo. Wageni wahesabiwe kila kona. Suruali iingizwe ndani ya soksi kabla ya kukuta siafu, siyo baada. Na kila mkipita kwenye migomba ya mtu, pigeni hodi hata kama hakuna mtu, kwa sababu sisi Wanyakyusa tunazika nyumbani, na mgeni hajui anamkanyaga babu wa nani.

"Na usimwambie mgeni 'ni hapo tu'," aliniambia. Hilo sikulisikia. Nilimpandisha bwana mmoja mnene kwenda ziwa Ngosi, nikamwambia ni hapo tu mara nne. Mara ya tano alikaa chini kwenye tope, akafungua mfuko wangu, akala mahindi yangu yote ya kuchemsha huku ananitazama machoni. Kisha akasema, "Sasa hapo tu pamefika." Tulirudi.

Mdomo wangu ulikuwa na ugonjwa huo tangu zamani. Daraja la Mungu, lile jiwe linalovuka mto Kiwira, nilikuwa nalipangia umri kulingana na sura za wageni. Wanafunzi niliwapa miaka michache wapate kuandika, wazee niliwapa mingi wafurahi. Siku moja mama mmoja aliyewahi kuja na shule alirudi na mumewe, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kaka, daraja lako linazeeka haraka." Wote tukacheka, na mimi nikacheka. Ningejua ule ulikuwa mwanzo wa nini, ningenyamaza siku hiyo hiyo.

Sasa pango.

Mzee Shabani alinipeleka Nkunga mara ya kwanza asubuhi moja ya Jumatatu. Tulipofika mlangoni alivua viatu, akaniambia na mimi nivue. Ndani kulikuwa na jiwe la mviringo, jeusi, laini kama mchi, limesimama lenyewe. Juu yake kwenye dari ya pango maji yalikuwa yanadondoka, tone, tone, juu ya kichwa cha jiwe, kiangazi na masika. Kando, kwenye kigingi cha mti, ilining'inia kengele ndogo ya shaba.

"Hapa palikuwa hekalu la Wahindi," akasema. "Mzee Jamnadas, aliyekuwa na duka la vitambaa pale mjini, ndiye aliyepaona. Katika dini yao jiwe kama hili humwagiwa maji. Hapa wakakuta Mungu anamwaga mwenyewe. Wakaleta taa ya samli, wakachora ule mkuki ukutani. Mimi nilikuwa mfanyakazi wake dukani. Kila Jumatatu nilimbeba binti yake Kamla mabegani kuja huku, mama yake akitembea nyuma na nazi."

Nikamuuliza walikwenda wapi.

"Waliondoka miaka ile nyumba zilipochukuliwa na serikali. Mzee Jamnadas alinishika mkono akasema, 'Shabani, kengele na jiwe nakuachia, mpaka mmoja wetu arudi.' Ndiyo nafagia."

"Lakini wewe ni Mwislamu, mzee."

"Siabudu hapa. Nimepewa amana." Akachukua ufagio.

Basi hiyo ndiyo hadithi ya kweli, na mwanzoni niliisimulia hivyo hivyo. Shida ni kwamba wageni walikuwa wanapiga miayo. Hasa wageni wetu wenyewe, wa kutoka Mbeya na Dar. Mhindi wa duka, jiwe, maji, wanaangalia saa. Siku moja kulikuwa na kundi la watu wa benki, wamechoka, mvua imewapiga, na mmoja akauliza kwa dhihaka, "Sasa huu mkuki ndiyo nini?" Mimi bila kufikiri nikashusha sauti nikasema, "Hii, ndugu zangu, ni alama ya Mjerumani."

Mnajua sisi tulivyo. Huku kwetu ukisema Mjerumani na alama katika sentensi moja, hata kiziwi anageuka. Kila kijiji kina mwamba ambao mtu fulani ameuchimba usiku akitafuta rupia. Watu wa benki wale walinizunguka. Mmoja akatoa tochi. Nikaongeza masanduku, nikaongeza askari aliyekufa akilinda, na jiwe la mviringo nikasema ni kifuniko. Walinipigia makofi. Nakiri kwenu, sikuwahi kupigiwa makofi tangu nizaliwe, na utamu wake sikuuacha tena.

Habari ilimfikia Mzee Shabani. Aliniita kibandani, akaendelea kukunja kanga zake bila kunitazama.

"Gwe Ambakisye. Unasema pale pana mali?"

"Ni mchezo tu, mzee. Wageni wanapenda."

"Wageni wanapenda. Na wenye sururu?"

Nikamwambia hakuna mtu mjinga kiasi hicho. Sikujua kwamba kesho yake alipanda Nkunga, akaifungua ile kengele, akaja nayo nyumbani.

Hayakupita masika mawili. Nilifika na wageni asubuhi nikakuta jiwe limepasuliwa katikati kwa nyundo, na chini yake shimo la kumzika mtu. Ndani ya shimo hamkuwa na kitu, isipokuwa kopo la bia. Kengele ilikuwa imetoweka kabla ya hapo, nami niliamini imeibwa. Maji yalikuwa yanaendelea kudondoka kutoka juu, ila sasa yalikuwa yanadondokea tope. Waliochimba hatujawajua mpaka leo, pengine watu wa mbali. Mimi nilijua waliyafuata maneno ya nani. Na siku ile ile, vijana wangu, nikiwa na wageni mbele yangu wanaongojea, nikasema, "Mnaona? Walikuja kutafuta." Hadithi ikawa tamu zaidi.

Mzee Shabani hakunigombeza. Alikwenda, akafukia shimo, akavikalisha vile vipande viwili pamoja, akarudi. Tuliendelea kusalimiana. Lakini hakunipa tena mgeni hata mmoja.

Miaka ikaenda. Siku moja gari la kukodi kutoka Mbeya likasimama mbele ya ofisi yangu, akashuka mama wa Kihindi, mtu mzima, nywele nyeupe, sari na juu yake sweta kwa baridi yetu. Nikatayarisha ile Karibu yangu. Yeye akanitangulia.

"Ugonile, kaka."

Salamu ya nyumbani kwetu, na matamshi ya huku huku.

"Mimi nilizaliwa hapa," akasema. "Naitwa Kamla. Baba yangu alikuwa Jamnadas. Nataka unipeleke Nkunga, kuna jiwe pale."

Ningeweza kumwambia palepale, barazani, kabla hajapanda. Nilimwambia mvua itanyesha mchana, tuwahi.

Njiani alizungumza muda wote. Kiswahili chake kilikuwa cha zamani, na katikati anatupia Kinyakyusa cha kitoto. Alikuwa na kikapu: nazi, samli katika kichupa, na maua ya rangi ya chungwa aliyoyatafuta Mbeya nzima. Akanieleza kilichomleta. Alipokuwa mtoto aliugua homa, wakamkatia tamaa, na mama yake akaweka nadhiri kwenye lile jiwe kwamba mtoto akipona, atakuja mwenyewe na akili zake za utu uzima, amwagie maji, apige kengele mara moja kushukuru. Wakahamishwa na maisha kabla hajafikia utu uzima. Mama alikufa akimkumbusha. "Nimeichelewesha sana, kaka. Nina aibu kwa mama yangu." Hivyo ndivyo alivyosema, aibu, akiniambia mimi.

Mlangoni mwa pango alivua viatu bila kuambiwa. Akaingia, akainua mkono juu pembeni, pale pale kwenye kigingi, mkono ukashika hewa. Kisha akaliona jiwe.

Hakulia. Alichuchumaa, akapitisha kidole kwenye ufa kutoka juu mpaka chini, kama mtu anayepapasa kovu la mtoto. Akauliza, "Nani kafanya hivi?"

"Watu wabaya, mama. Tamaa."

"Tamaa ya nini? Hapa kulikuwa na nini cha kutamani?"

Nikajifanya natazama maji yanavyodondoka.

"Na Shabani? Baba alimwachia Shabani. Shabani hakuwepo kuwazuia?" Akasimama. "Yuko hai? Atakuwa mzee sana. Nipeleke kwake."

Nikapiga hesabu kwa haraka, hesabu ya mwoga. Akienda kwa Shabani, atamuuliza kwa nini watu walichimba. Shabani hajui kusema uongo. Atamwambia ni maneno ya huyu aliyekuleta. Nikaona aibu hiyo inakuja kama lori la viazi la Isongole lililokatika breki, nikaruka pembeni.

"Shabani alishatangulia mbele ya haki, mama. Zamani."

Njia ya mwongo ni fupi. Mimi nilidhani yangu imeishia hapo pangoni, kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mama Kamla alifunika uso kwa ncha ya sari, kisha akachukua kikapu chake, maua yakiwa bado ndani.

"Basi nipeleke kaburini kwake. Jiwe limepasuka, kengele hakuna. Maua haya nitampa Shabani. Alinibeba mabegani."

Vijana, nimewahi kupotea msituni na wageni kumi na mmoja. Nimewahi kufukuzwa na nyuki. Sijawahi kutafuta njia ya kutokea kama nilivyotafuta pale. Sikuipata. Nikampeleka makaburi ya Waislamu, kando ya mji, nikatembea mbele yake kati ya makaburi kama mtu anayejua aendako, nikasimama kwenye kaburi moja lisilo na jina, lenye kibao kilichooza. Nikasema, "Hili."

Alivua viatu. Akapanga maua moja moja juu ya ule udongo. Akasema kwa sauti, si kwa kunong'ona, "Shabani, mimi Kamla. Baba alikuulizia mpaka siku ya mwisho. Hatukukusahau. Ndaga fijo, asante sana." Mtu aliyekuwa anafyeka majani upande wa pili aliacha kufyeka akasikiliza. Mimi nilikuwa natazama buti zangu.

Akataka kuona duka la baba yake. Duka lile liko mtaa mmoja na kibanda cha Shabani. Nikamwambia mvua imeanza, tutaliona tukiwa ndani ya gari, nikamwambia dereva apite bila kusimama. Mama Kamla alifuta kioo kwa kiganja ili aone. Mzee Shabani alikuwa amekaa barazani kwake na kofia yake, na kama alivyompungia kila mtu, akalipungia na gari lile mkono. Mama Kamla naye akampungia. "Watu wa huku bado wana adabu," akasema. Kisha akaandika jina na namba ya simu kwenye kitabu changu cha wageni, akanishukuru, akaenda zake Mbeya.

Baada ya siku tatu niliitwa kibandani. Mfyekaji alikuwa ameshasimulia soko zima.

"Ambakisye," Mzee Shabani akasema, "nasikia nimekufa."

Nikaegemea gunia la chumvi.

"Na umenizika kwenye kaburi la Bi Zuhura muuza vitumbua. Hata la mwanamume ulikosa?"

Alisema hivyo, na midomo yake ilikuwa inatetemeka, sikujua ni kicheko au ni nini. Nikapiga magoti palepale kwenye baraza, watu wanapita, nikamweleza yote, tangu makofi ya watu wa benki. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainuka kwa taabu, akaingia ndani, akatoka na kitu kimefungwa katika kanga. Akafungua. Kengele ya shaba ilikuwa inang'aa kama imenunuliwa jana.

"Naisugua kwa ndimu na majivu," akasema. "Kila Jumatatu. Nikifikiri, siku wakija wasiikute na kutu." Akaitazama. "Alipita hapa?"

"Alipita, mzee. Kwenye gari. Alikupungia."

"Yule wa sweta?" Akaigeuza kengele mkononi. "Anafanana na mama yake."

Heri angenichapa kwa bakora yake. Akaniambia tu, piga simu. Namba ilikuwepo kitabuni. Nikapiga mbele yake, nikamweleza Mama Kamla yote tena, mara ya pili siku ile ile: nani alitunga, kwa nini walichimba, nani hajafa. Akasema tu, "Mpe simu Shabani." Ndilo neno lake la mwisho kwangu mpaka leo.

Waliongea muda mrefu. Mzee alikuwa anacheka, anajibu Kinyakyusa, anajifuta macho kwa kofia. Mwisho akamwambia, "Nikupigie kengele usikie?" Nikasikia sauti yake kwenye simu, nyembamba, ikisema, "Hapana. Usipige. Nitakuja nipige mwenyewe."

Hakuwahi kuja. Alivunjika nyonga, nilisikia, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Mzee Shabani alimngoja, kisha akafariki kweli. Tulimzika kwenye makaburi yale yale, hatua chache kutoka kwa Bi Zuhura, na mimi nilisimama nyuma kabisa, kwa sababu watu walikuwa wananitazama na walikuwa na haki ya kunitazama. Kengele hakuniachia mimi. Alimwachia binti yake Mwajuma, mnayemwona pale kibandani. Nilipomwomba Mwajuma aniruhusu niisugue hata Jumatatu moja, alisema, "Hapana, baba. Hii ni amana." Na amefanya vizuri.

Juzi Mwajuma aliniambia kitu. Binti wa Mama Kamla amepiga simu. Mama yake hawezi tena kupanda ndege, lakini amemwagiza mtoto atimize nadhiri, na mtoto amesema atakuja, hajui mwezi gani. Hajui Kiswahili vizuri. Atafika mjini akimtafuta mwongoza wageni, na atakayempata hatakuwa mimi. Atakuwa mmoja wenu, pengine yule yule wa Jumamosi.

Sasa nawaomba, na sina haki ya kuomba. Akifika, mpelekeni kwa Mwajuma kwanza, achukue kengele. Mpandisheni Nkunga asubuhi kabla ya mvua, ninyi nyuma, yeye mbele. Mlangoni mvue viatu. Msipande juu ya jiwe. Akiona ufa, atauliza kama alivyouliza mama yake, na hapo mdomo wa mmoja wenu utawasha kama ulivyowasha wangu. Msimtafute Mjerumani. Mwambieni lilipasuliwa na maneno ya mwongoza wageni mmoja wa Tukuyu, anaitwa Ambakisye.

Na akiuliza kama huyo Ambakisye yuko hai, mwambieni yuko, mkamwonyeshe nyumba.